Kikombe cha Msumarini: Ubaguzi Unatoka Kwenye Ngozi au Kwenye Malezi?

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh na wachungaji mliohudhuria, walimu wenzangu wa zamani, vijana, mabibi na mabwana: assalaam alaykum, na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo waandalizi wameliandika hivi kwenye kadi ya mwaliko: je, ubaguzi wa rangi unatokana na rangi ya ngozi au unatokana na utamaduni? Wameniomba pia nisipitishe dakika arubaini, na kwa kuwa wanajua kwamba mwalimu wa historia akishikishwa kipaza sauti huwa hakiachi, wameniwekea saa hapa mbele ya macho yangu. Nitajitahidi.

Naanza na kikombe.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Kuze, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ambayo uani kwake mlikuwa na jiko la kuni, mtungi wa maji na mbuzi mbili za kukunia nazi. Kila Jumatatu alikuja mama mmoja wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, kichwani ana pakacha la nazi, na bibi akimpenda, wala sisemi hivyo kwa kumtetea bibi. Walikaa wote wawili pale uani wakikuna nazi na kuzungumza habari za wana wao na maumivu ya magoti, na Idi ilipofika bibi alimwekea doti nzima ya leso. Lakini chai ilipoiva, bibi alinywa kwa kikombe cha kaure, na yule mama akanywa kwa kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, kilichobanduka rangi upande mmoja, ambacho hakikuingia kabatini pamoja na vyombo vingine bali kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka saba, nilishikwa na kiu, nikakitungua, nikachota maji mtungini, nikanywa. Bibi alinipiga kofi la mgongo, akaninyang'anya kile kikombe, akakirudisha msumarini. Hakusema neno. Na yule mama, aliyekuwa ameketi juu ya mbuzi hatua tatu kutoka pale, naye hakusema neno, aliendelea kukuna.

Sasa nawaomba mumtazame bibi yangu vizuri. Hakuwa maji ya kunde. Alikuwa mweusi tititi, na yule mama wa Kaloleni alimshinda kwa weupe. Kwa hivyo haikuwa ngozi iliyokitundika kile kikombe. Kwa miaka mingi nilijiridhisha kwamba lilikuwa jambo la dini, kwamba yule mama hakuwa Muislamu na bibi alihofia najisi. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha, mtu mzima mwenye mke, niliponyanyukiwa na kumbukumbu ya mke wa fundi cherehani wa Kihindi, jirani yetu, ambaye alikuwa Baniani na hakuwa Muislamu vilevile. Yeye alipokuja kumjulia hali bibi alipewa kikombe cha kaure, tena chenye kisahani.

Ndiyo maana naliona swali lililoandikwa kwenye kadi lina maswali mawili ndani yake, na mtu akiyachanganya atatoka hapa amepata udhuru badala ya jibu. Mtu anaposema ubaguzi unatokana na utamaduni, anaweza kuwa na maana kwamba tunawabagua watu kwa sababu ya utamaduni wao: vyakula vyao, ibada zao, lugha zao, jinsi wanavyozika na wanavyooa. Au anaweza kuwa na maana kwamba ubaguzi wenyewe ni sehemu ya utamaduni wetu sisi tunaobagua, tumeunyonya pamoja na maziwa, kama tulivyojifunza kula kwa mkono wa kulia. Mimi nasimama na maana ya pili, na naikataa ya kwanza. Ubaguzi unatokana na utamaduni, naam, lakini ni utamaduni wa anayebagua.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua uko katika sheria mbili kuhusu mtoto. Mwaka 1662, koloni la Waingereza la Virginia, huko Amerika, lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mamake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama babake ni bwana Mwingereza mwenye shamba. Huku pwani, chini ya sheria ya Kiislamu iliyofuatwa tangu zamani na chini ya utawala wa Waomani, mambo yalikwenda kinyume. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake alizaliwa huru, alirithi pamoja na nduguze wa mke wa ndoa, alichukua ukoo wa babake bila kupunguziwa kitu, na mamake hakuruhusiwa kuuzwa tena, bali bwana akifa yeye alikuwa huru. Wengi katika masultani wa Unguja walikuwa wana wa masuria. Tazameni matokeo yake baada ya vizazi vichache. Kule, ungeweza kumkuta mtu mweupe wa nywele laini amesimamishwa mnadani kwa kuwa bibi wa bibi yake alitoka Afrika, na mbele ya sheria yeye alikuwa mtumwa. Huku, ungemkuta, na hadi leo unamkuta pale Makadara, mtu mweusi kuliko mimi anayekwambia kwamba yeye ni Mwarabu, na hakuna anayemcheka, kwa sababu kwa hesabu za mji huu ni Mwarabu kweli. Ni watu wale wale waliochanganya damu, ni rangi zile zile zilizopatikana, lakini macho ya kule yalifundishwa kuona mama na macho ya huku yalifundishwa kuona baba.

Msidhani nayasema haya kuisifu pwani. Mama aliyezaa alikuwa amenunuliwa, na jamaa zake kule alikotoka hakuna aliyekwenda kuwapa habari za mjukuu. Nimeonyeshwa nasaba nyingi katika nyumba za Mji wa Kale, zimeandikwa kwa hati nzuri ya kupendeza, fulani bin fulani bin fulani mpaka Hadhramaut au Oman au Shiraz, na katika zile nilizozisoma mimi mama haonekani popote. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi zilizotolewa kwenye mifupa ya watu 80 walioishi pwani yetu na bara yake ya karibu baina ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wakiwemo waliozikwa hapa jirani, Mtwapa. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika kwa zaidi ya nusu, hasa upande wa mama, na upande wa baba walikuwa na sehemu kubwa ya Asia, nyingi yake ikitoka Uajemi. Na mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000. Wale mama wa kale hatuna sababu ya kudhani walikuwa watumwa. Huenda wao ndio waliokuwa na mji, na wageni ndio waliobisha hodi. Kwa hivyo wazee waliosema "sisi ni Washirazi" hawakusema uongo. Walisimulia upande mmoja wa kitanda.

Mfano mwingine niutaje kwa ufupi, kwa kuwa ni wa hesabu. Katika sensa ya Zanzibar ya mwaka 1924, watu zaidi ya 33,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Mwaka 1931, katika visiwa vile vile, walibaki kama 2,000. Haukuwa ugonjwa wala njaa, na hapana ngozi iliyobadilika kwa miaka saba. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga watu kwa mbari, basi kila aliyeweza kujiita kwa jina jingine alijiita. Hapa Mombasa nako, sheria ilipowagawa watu kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji", na kodi na heshima zikafuata mgawanyo huo, wazee wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walipeleka malalamiko yao kwa serikali wahesabiwe pamoja na Waarabu. Siwalaumu. Mtu aliyepangiwa foleni mbili, moja ya kusukumwa na nyingine ya kukaribishwa, atatafuta jina la kumwingiza katika ile ya pili.

Na Rwanda? Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, vilima vimoja, mashamba yaliyopakana, makanisa yale yale, na utawala wa Wabelgiji ndio uliowaandikia kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa kwa muda wa siku mia moja hivi, na vitambulisho hivyo ndivyo vilivyokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Hapo hamna tofauti ya rangi ya kutaja, na tofauti ya utamaduni ni hiyo mnayoisikia. Mwenye kudai kwamba watu hubaguana kwa kuwa tamaduni zao hazipatani, hebu anionyeshe ni lipi lililokuwa halipatani pale.

Nirudi nyumbani, kwenye maneno, maana maneno ndiyo shule ya kwanza. Tunapotaka kumsifu mtu kwa adabu na maarifa tunasema ana ustaarabu. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu, kufuata njia za Waarabu. Lipo na neno "uungwana", ambalo mimi nalipenda zaidi, mpaka ninapokumbuka kwamba muungwana kwa asili ni yule asiyekuwa mtumwa. Ina maana kwamba hata tukitaka kusema tu kuwa mtoto huyu amelelewa vizuri, tunamsimamisha juu ya mgongo wa mtu mwingine. Kinyume chake ni ushenzi, na mshenzi wa wazee wetu alikuwa mtu wa bara. Majirani zetu wa Mijikenda, watu walioilisha Mombasa kwa mahindi na nazi kwa karne nyingi, tuliwaita Wanyika, watu wa porini, hadi wakajichagulia jina lao wenyewe. Halafu kuna nywele: za singa na za kipilipili, na hapana mama wa mjini aliyewahi kueleza kwa nini zile ni nzuri na hizi ni za kusikitikiwa. Kuna methali. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Nimeifundisha darasani mara nyingi mno, nikiwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni kutodharau msaada unakotoka, na katika darasa langu siku zote walikuwepo watoto wa Kihindi wawili watatu wakiandika methali hiyo madaftarini mwao kwa mwandiko mzuri. Siku moja mmoja wao aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ubaya wake ni upi?" Nilimjibu kwamba methali haiulizwi hivyo. Lilikuwa jibu baya, na mtoto yule ananidai jibu jingine hadi leo.

Nafahamu kuna mtu hapa ukumbini ambaye tayari amelitayarisha neno lake la kunipinga, nalo ni hili: mwalimu, mimi sina shida na rangi ya mtu, shida yangu ni tabia zao. Nimelisikia kwa mwenye nyumba wa Majengo asiyempangishia mtu wa bara, na nimelisikia kwa mtu wa bara anayetueleza kwamba sisi wa pwani ni wavivu tunaongoja nazi itudondokee. Wote wawili huapa kwamba hawana ubaguzi, wanazungumzia tabia tu. Jaribio la madai hayo ni rahisi. Kama shida ni tabia, basi mtu akiibadilisha tabia yake mlango ufunguliwe.

Basi tuvuke daraja la Nyali twende Kengeleni. Kengele ile imesimama pale kwa sababu mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Uingereza walianzisha Frere Town kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na waliowatangulia pale na Rabai walikuwa Waafrika waliosomeshwa Nashik, karibu na Bombay, watu waliojua Kiingereza, Biblia, ufundi na hesabu. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa ni Jones aliyeuongoza msafara uliosalia kurudi pwani. Walivaa kama Waingereza, walisali kama Waingereza, walikunywa chai saa kumi kama Waingereza. Waingereza hawakuwahesabu kuwa wenzao. Sisi wa mji nasi, tuliokuwa tukiwadharau kwa kuwa watumwa, tuliendelea kuwadharau kwa kuwa wamisheni. Walibadilisha kila kitu kinachoweza kubadilishwa, na mlango haukufunguka upande wowote. Wako pia Wasidi wa Gujarat, wazao wa Waafrika waliovukishwa bahari karne nyingi zilizopita, ambao leo lugha yao ni Kigujarati na mavazi yao ni ya Kigujarati, na bado jirani zao hawajaacha kuwatazama kama wageni.

Hapo ndipo ninapolazimika kuipa ngozi haki yake, maana ningekuwa mwongo kama ningesema haina kazi. Nendeni mkaangalie maduka ya vipodozi, muone wasichana wanaonunua mkorogo, wanaounguza nyuso zao mpaka vifundo vya vidole peke yake ndivyo vinavyobaki na rangi ya asili. Msichana yule ana utamaduni ule ule wa dada yake aliye mweupe. Wamelelewa na mama mmoja, wamesoma chuo kimoja. Anajua tu kwamba posa zinabisha kwa dada kwanza. Ngozi ni rahisi kuonekana kutoka mbali, haihitaji mtu aulizwe swali, na kwa hivyo utamaduni wa kubagua huipenda, kama mfanyabiashara anavyopenda chapa iliyo nje ya gunia. Panapokosekana chapa hiyo hutafuta nyingine: jina, lafudhi, chale, wilaya iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilipotaka biashara na Japani katika miaka ya 1960, Wajapani walihesabiwa kuwa weupe wa heshima, huku Wachina wa nchi ile wakibaki walipokuwa. Haikuwa macho wala ngozi iliyowatenga, ilikuwa chuma na pesa. Na Wamakonde wa Kwale, weusi kama Wakenya wengine, wasemao Kiswahili, walioletwa na mashamba ya mkonge na miwa tangu enzi za ukoloni, walikaa bila vitambulisho hadi mwaka 2016, walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai wahesabiwe kuwa raia. Wapemba waliovua samaki mwambao huu kwa vizazi walingoja hadi mwaka 2023.

Ndugu zangu Waislamu mtanikumbusha hotuba ya kuaga ya Mtume, kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchaMungu. Ni kweli, na tunaisoma kila mwaka. Mimi hunigusa zaidi ile hadithi ya Abu Dharri, iliyo katika Bukhari. Abu Dharri alikuwa miongoni mwa masahaba wa mwanzo, mchaji, mkweli, mpenda maskini. Siku moja akagombana na mtu ambaye mamake hakuwa Mwarabu, akamtukana kwa huyo mamake. Mtume akamwambia kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahili. Hakumwambia kwamba ameacha dini. Alimwambia kwamba pamoja na dini yake yote, malezi ya zamani yamo bado. Sijui maelezo mengine ya ubaguzi yaliyo mafupi na ya kweli kama hayo, na wachungaji mliopo mniwie radhi kwa kuazima kutoka msikitini tu, ila naamini hata kwenu wapo akina Abu Dharri.

Mimi ni mmoja wao. Saa inaniambia nina dakika chache, basi nizitumie kwa hili.

Binti yangu wa pili alipoletewa posa, waliokuja walikuwa wazee wa kijana mmoja kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya. Kwa msiojua, Mumias ina Waislamu wa tangu enzi za babu zao. Kijana mwenyewe alizaliwa katika Uislamu, amehifadhi Qurani juzuu nyingi kuliko mimi, Kiswahili chake kinanyooka, na rangi yake na yangu ukitupanga huwezi kututofautisha. Hakuwa na tofauti ya ngozi nami, hakuwa na tofauti ya dini, na kazi alikuwa nayo. Walipoondoka, kabla sijauliza kama anasali, kabla sijauliza kama anampenda mwanangu, nilimwuliza mke wangu: "Lakini si mtu wa bara huyu?" Nilikuwa nimefundisha somo hili kwa miaka thelathini. Lilinitoka bila ya kufikiri, kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Nikajua ni ya nani, na nikaliona kofi la mgongo.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, na wana watoto wawili. Kila Ijumaa baada ya sala wakwe zangu wote watatu huja kula pilau kwetu. Wale wawili wa hapa mjini hujiendea jikoni, wakafungua kabati, wakajichukulia magilasi na vikombe vyovyote wanavyovikuta. Yeye huletewa. Huletewa kikombe cha kaure chenye kisahani, kile cha wageni, kutoka kwenye kabati la vioo la ukumbini, na hukipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka sita. Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nikiyaandika haya ninayowasomea, ndipo nilipokiona kile kikombe mkononi mwake, nikamwuliza mke wangu kwa nini hajawahi kumwacha ajichukulie kama wenzake. Alinitazama muda, akasema hakuwahi kulifikiria. Alikuwa akimheshimu tu. Na mimi, niliyekaa naye kwenye jamvi lile Ijumaa zote hizo, sikuwa nimeliona.